Andika Tu Kwamba Uko Hai

  

Kwa kawaida ukurasa huu wa familia unatuletea habari za afya ya watoto, masomo, na namna ya kuishi vizuri na majirani. Leo naomba mnivumilie, nataka kuwasimulia habari ya karatasi moja ambayo niliificha chini ya godoro kwa miezi saba. Halafu nitawaambia juu ya msanii mmoja wa nchi ya mbali ambaye kazi yake ilinifanya nielewe kosa langu baada ya miaka mingi. Nimeamua kuandika kwa sababu hapa kwetu Nyakarenzo kuna watu wenye karatasi kama ile yangu. Wengine nawajua. Hawajanituma niwasemee, lakini wakisoma watajijua.

KARATASI CHINI YA GODORO

Mimi ni mzaliwa wa Bukavu. Mwaka 2004, vita vilipoingia mjini mwishoni mwa mwezi wa tano, nilikuwa na miaka 19, bado sijaolewa, nikiishi kwa yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa. Siku moja risasi zilikuwa zimenyamaza kidogo, yaya akaenda soko la Kadutu kuuza ndagala, maana nyumbani hakukuwa na kitu. Aliniachia mtoto wake wa kwanza, mvulana wa miaka miwili na nusu. Aliniambia, "Saa nane nitakuwa nimerudi. Umupikie uji, usimuache alie."

Saa nane hakurudi. Jioni risasi zikaanza tena. Usiku majirani walifunga mizigo, na mimi nikafunga mtoto mgongoni. Asubuhi tulivuka daraja la Rusizi ya Kwanza kwa miguu, tukaingia Cyangugu. Wengi wenu mnalijua daraja lile. Mtu akiwa juu yake hageuki nyuma, hata kama moyo unataka, kwa sababu walio nyuma wanamsukuma.

Wiki ya tatu mtoto alishikwa na homa. Sitasema mengi. Walijaribu kumsaidia, hakuna mtu ninayemlaumu. Alifariki usiku mikononi mwangu, na kesho yake tulimzika.

Zaidi ya mwaka mmoja na nusu ukapita sijui kama yaya yuko hai. Halafu siku moja mwaka 2006 kijana wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu alipita kati ya nyumba akiita jina langu lote, jina la baba na la mama. Alinipa karatasi. Ilikuwa ni mwandiko wa yaya, nilitambua tangu mbali namna anavyoandika herufi ya R. Alikuwa amekimbilia upande wa Uvira, akavuka Ziwa Tanganyika, akafika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, Tanzania. Maneno yake hayakufika hata mistari sita. Yeye ni mzima. Je, mimi na mtoto tuko hai? Basi. Na upande wa pili wa karatasi palikuwa peupe, nafasi yangu ya kujibu.

Nilicheka, nikalia, nikapiga magoti. Halafu niliusoma ule mstari wa mwisho mara ya pili, na mikono yangu ikakosa nguvu. Nikaiingiza karatasi chini ya godoro.

Nilisema nitajibu kesho. Kesho nikasema biki imekwisha wino. Wiki iliyofuata nikasema nisubiri kwanza nipate habari njema kidogo ya kuweka pamoja na ile mbaya. Labda nitapata kazi ya kufundisha watoto, labda nitaolewa, labda nitazaa na mimi, nimwandikie kwamba tumepata mwingine. Yule kijana alirudi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mara nilimwambia, "Bado, kaka, sijapata nafasi." Nafasi! Mkimbizi anaweza kukosa sabuni, makala na chumvi, lakini nafasi anayo tele.

Mwezi wa saba alikuja akaniambia kwa upole kwamba nisipojibu itabidi amuarifu yule aliyeniandikia kuwa nilipatikana lakini sikujibu. Hapo nilishtuka. Nikakaa chini mbele yake, nikaandika mistari minne, nikampa kabla sijabadili mawazo.

Jibu la yaya lilifika baada ya miezi mitatu. Nitawaambia mwishoni alichoandika.

KADI ZA ALFREDO JAAR

Miaka ilienda. Niliolewa, nikazaa watoto wanne. Yaya naye mwaka 2017 alipata safari ya kwenda kuishi Marekani pamoja na familia yake, na sasa tunaongea kwa simu kila Jumapili. Ile karatasi nilikuwa sijamwonyesha mtu yeyote, hata mume wangu.

Mwaka jana binti ya kaka yangu, anayesoma Huye, alikuja likizo. Jioni moja, tunachambua maharagi, akaniambia, "Shangazi, angalia huyu muzungu, alifika mpaka huku kwetu Cyangugu." Nikamuuliza, "Muzungu wa wapi?" Akasema, "Wa Chile, Amerika ya Kusini. Ni msanii." Akanionyesha kwenye simu yake.

Mtu huyo anaitwa Alfredo Jaar. Alizaliwa Santiago, mji mkuu wa Chile, mwaka 1956, na tangu mwaka 1982 anaishi New York. Mwezi wa nane mwaka 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakiwa ndiyo kwanza yamesimamishwa, alikuja Rwanda na kamera yake. Alizunguka sehemu nyingi, akafika Kigali, akafika kanisa la Ntarama, akafika hata mpakani kwetu na kwenye makambi ya upande wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule. Alipiga picha nyingi sana, maelfu. Lakini aliporudi alishindwa kuzionyesha. Aliona kwamba dunia ilikuwa imekwisha kuona picha za kutosha na haikusogea. Basi akaanza kufanya kazi kwa maneno.

Kazi yake ya kwanza niliyoonyeshwa ni ndogo kabisa. Kule Kigali alikuta kadi za posta, zile za watalii, zenye picha za wanyama, maziwa na vilima vizuri vya Rwanda. Nyuma ya kila kadi aliandika jina la mtu mmoja aliyemkuta mzima, na baada ya jina maneno machache tu ya kusema kwamba mtu huyo bado yu hai. Hakuna maelezo mengine. Hakuandika alivyoteseka, wala kabila lake, wala anaomba nini. Kadi hizo alizituma kwa marafiki zake katika nchi mbalimbali. Kazi hiyo aliiita "Signs of Life", maana yake Dalili za Uhai.

Nilinyamaza. Binti alifikiri sijaelewa, akaanza kunieleza upya. Nikamwambia, "Nimeelewa, mama. Wacha kwanza." Nilikuwa nawaza ile karatasi. Kwa miezi saba nilitafuta maneno ya kumwambia yaya yangu, na maneno ya kwanza aliyoyahitaji yalikuwa yale yale ya kadi: jina langu, na kwamba niko hai.

Tangu siku ile nimefikiri sana juu ya kazi za mtu huyu. Mimi siyo msomi wa sanaa. Lakini nimepata masomo matatu ya maisha ambayo naona yanafaa kwa familia zetu.

SOMO LA KWANZA: JINA LITANGULIE NAMBA

Mwaka 1994 redio zilitaja hesabu za waliokufa na hesabu za waliokimbia, kila siku kubwa kuliko jana, mpaka masikio ya watu yakachoka. Hesabu kubwa mtu hawezi kuikumbatia. Jaar alifanya kinyume, alichukua mtu mmoja, kadi moja, jina moja. Mwaka ule ule wa 1994, huko Malmö, nchi ya Sweden, alipewa mahali pa matangazo barabarani, pale wanapotangazia sabuni na viatu. Aliweka neno moja tu, Rwanda, limerudiwa na kurudiwa. Na mwaka 1996 alifanya kazi ingine ambamo majina ya mahali palipofanyika mauaji yaliandikwa kwa mwanga gizani. Humo kuna Kigali, kuna Butare, na Cyangugu yetu imo.

Sisi wakimbizi tunaishi na namba. Kuna namba ya familia, namba ya nyumba, namba ya kwenye foleni. Sizidharau, bila namba hupati posho wala huduma. Lakini naomba tusiwaache watoto wakue wakijua namba kuliko jina. Hapa kambini kuna watoto wa miaka minane wanaojua jina la utani tu. Ukimuuliza, "Baba yako anaitwa nani?" anakujibu, "Anaitwa papa." Na sisi wakubwa vilevile. Niliwahi kuishi miaka mitatu jirani na mama mmoja, tukikopeshana chumvi na moto. Alipohama, ndugu zake wakaja kumtafuta, na mtaa mzima hakuna aliyejua jina lake. Wote tulimjua kama Mama Mapasa, kwa sababu alizaa mapacha. Mama Mapasa ni wangapi Kongo nzima? Ndugu zake waliondoka mikono mitupu.

Mzazi, mfundishe mtoto wako jina lake lote, jina la baba na la mama, kijiji alikozaliwa. Mfundishe kama unavyomfundisha sala. Siku mkipotezana, hilo ndilo litakalomrudisha.

SOMO LA PILI: USISUBIRI HABARI NJEMA

Binti alinionyesha pia msanii mwingine, Mjapani aliyeitwa On Kawara, aliyeishi New York na kufariki mwaka 2014. Huyu kuanzia mwaka 1970 alikuwa anatuma telegramu kwa watu anaowajua, miaka na miaka, na ujumbe wake ulikuwa ule ule, kwamba bado yuko hai. Hakusema amepata nini wala amekosa nini. Tena tangu tarehe 4 Januari 1966 alikuwa anachora tarehe ya siku, tarehe peke yake, kwa rangi juu ya kitambaa. Isipokamilika kabla ya usiku wa manane, aliiharibu. Mume wangu aliposikia alicheka, akasema, "Na huyo analipwa?" Tulicheka wote. Lakini usiku nilimwambia, "Wewe baba, hapa kambini siku zinafanana mpaka mtu hajui kama ni Jumanne ama Alhamisi. Huyo mtu alikataa siku yake ipite bila kuandikwa."

Sisi tumelelewa kwamba barua ina utaratibu wake. Kwanza salamu, halafu hali ya familia, halafu habari njema, halafu ndiyo shida. Mtu asiye na habari njema anaona hana barua. Anaona haya. Wa kule nyumbani wanafikiri yuko ng'ambo anakula vizuri, kumbe anakula kile alichopewa. Basi ananyamaza, akingoja siku atakapokuwa na kitu cha kujivunia.

Ndugu zangu, uhai wenyewe ni habari. Wazee wanakumbuka mwaka 1994, BBC ilipoanzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyokuja kuitwa Gahuzamiryango, maana yake yenye kuunganisha familia. Watu walikaa karibu na redio wakisikiliza majina ya wanaotafutwa na wanaotafuta. Hakuna aliyekuwa anangoja kusikia kwamba ndugu yake amejenga nyumba. Alingoja jina. Akilisikia, anaruka juu, chakula kinaungua jikoni na hakuna anayejali.

Kwa hiyo usiseme, "Nitamwandikia nini, sina kitu." Andika kwamba uko hai. Utajiri utakuja nyuma, ama hautakuja, lakini mama yako atalala usingizi.

SOMO LA TATU: JAMBO ZITO LINATOSHA MANENO MACHACHE

Mwaka 1995 Jaar alitengeneza kazi aliyoiita "Real Pictures", yaani Picha za Kweli, ikaonyeshwa Chicago. Zile picha alizopiga Rwanda na Zaire alizifungia ndani ya makasha meusi. Juu ya kila kasha aliandika maelezo ya picha iliyomo, mahali, siku, nani amesimama wapi, nguo yake ina rangi gani. Makasha aliyapanga kama makaburi. Mtu akiingia haoni picha hata moja, anasoma tu. Na maelezo mengine yanahusu daraja la Rusizi ya Kwanza. Daraja letu, lile lile nililopita na mtoto mgongoni, limo ndani ya kasha, na mtu wa Chicago anasimama mbele yake kimya akisoma.

Mwanzoni nilikasirika kidogo. Nilisema, kama ulipiga picha, mbona unaficha? Baadaye nikaelewa. Mimi pia kuna usiku mmoja wa mwaka 2004 ambao sitaki mtu auone. Lakini nataka ajue kwamba ulikuwepo. Maneno yanaweza kufanya hivyo. Yanamwambia mwenzako ukweli bila kumvua nguo marehemu.

Siku hizi kila kijana ana simu. Mtu akianguka njiani, kabla hajainuliwa amekwisha kupigwa picha, na jioni ile ile picha imefika mpaka Goma na Uvira. Maiti wanatumwa, majeruhi wanatumwa, hata mama anayejifungua njiani. Vijana wangu, nawaomba. Kama ni lazima watu wajue, andikeni maneno. Fulani ameumia, yuko hospitali, anahitaji hiki. Inatosha. Yule aliyelala chini ni mama wa mtu.

Na sisi wazazi tunapopaswa kuwaambia watoto habari ngumu, kwa mfano kwamba baba hatarudi, tusizunguke sana, na tusiwape picha ambazo hawawezi kulala nazo. Maneno machache, ya kweli, kwa sauti ya kawaida, na mkono begani. Halafu mwache aulize.

Ile mistari yangu minne kwa yaya ilikuwa hivi, naikumbuka neno kwa neno: "Yaya, mimi ni mzima. Mtoto alifariki kwa homa mwezi wa sita 2004, nilikuwa nimemshika. Tulimzika vizuri, kuna msalaba. Nisamehe, uniandikie." Kwa miezi saba nilifikiri nahitaji kurasa kumi. Hata ukurasa mmoja sikuumaliza.

LAKINI KADI HAIPIKI CHUNGU

Nilipowasimulia majirani habari hii, baba mmoja wa mtaa wetu aliniuliza swali la maana. Alisema, "Mama, hizo kadi zilimupatia nani unga? Muzungu aliandika, akatuma kwa rafiki zake, na yule mwenye jina alibaki pale pale na njaa yake." Sikumbishia. Ni kweli, kadi haipiki chungu. Watu waliokuwa wamekwisha kufa hakuna kadi iliyowafufua. Na hao waliookoka walihitaji mablanketi, dawa na haki, siyo posta peke yake. Mtu akikuletea maneno mahali pa chakula, una haki ya kumkatalia.

Lakini nilimuuliza naye, "Baba, kaka yako aliyebaki Kamanyola anajua kwamba uko hapa?" Akanyamaza. Akasema simu ya kaka imezima tangu zamani, na hata ikiwaka ataomba pesa, na pesa hakuna. Nikamwambia, "Basi muandikie hivyo hivyo. Kwamba uko hai na pesa hakuna." Alicheka, lakini aliinuka akaenda kwake mapema kuliko siku zote.

Kuna jambo lingine ambalo lazima tulitazame. Siyo kila jina ni la kutangazwa. Kuna mtu anajificha mume aliyetaka kumuua. Kuna mwingine akijulikana yuko wapi, ndugu zake waliobaki watapata taabu. Kabla hujaandika jina la mwenzako mahali popote, iwe kwenye karatasi au kwenye simu, muulize kwanza. Akisema hapana, ni hapana. Ndiyo maana hata jina la yule mtoto wetu silitaji hapa. Nilimuomba yaya ruhusa, akasema, "Jina lake tuliache nyumbani." Nimemheshimu.

MWEZI HUU TUFANYE NINI?

Tangu vita vilipofika tena Bukavu mwezi wa pili mwaka 2025, tumeona watu wapya wakivuka kuja huku Rusizi, wengine bila watoto wao, na watoto wengine bila wazazi. Wengi wao bado wana mshtuko. Sisi tuliotangulia tunaweza kuwasaidia kwa mambo madogo.

Kwanza, kama umepotezana na ndugu, nenda kwa watu wa Msalaba Mwekundu. Kazi hiyo hawalipishi. Wanaweza kukusaidia kupiga simu, kutuma ujumbe wa karatasi, au kuandikisha mtu unayemtafuta. Jitayarishe na majina yote matatu, jina la baba, jina la mama, mwaka wa kuzaliwa hata wa kukisia, na mahali mlipoonana mara ya mwisho.

Pili, kumbuka kwamba ujumbe ule unakwenda wazi, haufungwi kama barua. Andika habari za familia tu. Habari za vita, za majeshi na za siasa uziache, zinaweza kuchelewesha ujumbe au kumletea shida anayeupokea.

Tatu, asiyejua kuandika asione haya. Aombe mtu anayemwamini amwandikie, halafu asomewe kabla haijaondoka. Vijana mliosoma, mkiombwa kazi hii msidai soda. Andikeni kile mnachoambiwa, msiongeze chumvi.

Nne, Jumapili moja mkae familia nzima. Chukueni kipande cha katoni, hata cha sanduku la sabuni. Kila mtu aandike jina lake lote kwa mkono wake, na mdogo ashikwe mkono. Andikeni tarehe ya siku hiyo. Halafu andikeni pia majina ya wale ambao hamjui waliko, na ya wale waliokufa. Bandikeni ndani. Juu ya vichwa vyetu kwenye shitingi kuna herufi za mashirika, tumezisoma mpaka tumezichoka. Ukutani pawe na zetu.

Kwangu tumefanya hivyo tayari. Mtoto wangu wa mwisho aliuliza juu ya jina la tisa, "Huyu ni nani?" Nikamwambia, "Ni kaka yenu mkubwa, mtoto wa mama yenu mkubwa. Nilimbeba mgongoni." Ilikuwa ni mara ya kwanza watoto wangu kusikia.

ALICHOANDIKA YAYA

Niliahidi kuwaambia. Jibu la yaya lilikuja limekunjwa mara nne. Nilimuomba mume wangu wa sasa, wakati ule tulikuwa tunachumbiana tu, asimame karibu nami wakati nasoma, bila kumwambia ni kwa sababu gani.

Yaya aliandika kwamba juu ya mtoto alikuwa amekwisha kuhisi. Alisema mtu mwenye habari njema hachukui miezi yote hiyo. Halafu akaandika hivi: "Lakini mimi nilikuwa nimelia kilio cha watu wawili. Nilikaa chini siku tatu kwa ajili ya mtoto na kwa ajili yako. Sasa umenirudishia mmoja. Kwa nini ulichelewa?"

Mpaka leo sina jibu la swali hilo. Nilidhani namkinga asiumie, kumbe nilimwongezea kaburi ambalo halikuwepo. Miezi saba yaya yangu alinililia na mimi niko mzima, nachota maji, nachambua maharagi, karatasi yake iko chini ya mgongo wangu usiku.

Basi wewe unayesoma, unayo karatasi ndani ya nyumba, au namba kwenye simu ambayo hujaipiga kwa sababu huna la kusema. Leo siyo lazima uwe na la kusema. Taja jina lako. Sema uko hai. Mengine mtaongea.

Nawatakia mwezi mwema, ninyi na watoto wenu wote.

Mama wa watoto wanne, Nyakarenzo